Shauri la Kambi ya Simba: shamba lililoiwekea dola mpaka

Tarehe 28 Desemba 1992 sheria mpya ilianza kutumika Tanzania Bara. Ilikuwa Sheria Na. 22 ya mwaka huo, iliyohusu umiliki wa ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Ujamaa. Vifungu vyake vilikuwa vichache, lakini vilitosha kufanya mambo matano kwa mpigo. Vilifuta haki za kimila ambazo watu walikuwa nazo juu ya ardhi kabla ya vijiji hivyo, vikakataza fidia, vikazinyang'anya mahakama mamlaka ya kusikiliza migogoro hiyo, vikazima mashauri yote yaliyokuwa yakiendelea, na vikaagiza hata hukumu zilizokwisha kutolewa zisikaziwe.

Miongoni mwa waliokuwa na hukumu mkononi ni mzee Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wakulima wa kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, wilaya ya Mbulu, mkoa wa Arusha. Leo kijiji hicho kiko Karatu, na Mbulu yenyewe imo ndani ya mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002, ila wakati huo yote ilikuwa Mbulu. Baba na mwana walifungua shauri Januari 1987 katika Mahakama ya Hakimu Mkazi mjini Arusha kudai shamba lao la kimila. Wakashinda. Waliokuwa wamelishika shamba wakaondolewa kwa amri ya mahakama, wenyewe wakarudishiwa. Rufaa ya upande wa pili ilikuwa bado haijasikilizwa Mahakama Kuu pale sheria ya Desemba ilipokuja kusema kwamba shauri halipo tena.

Wangeweza kunyamaza. Kwa miaka mingi wananchi wa mikoa yetu wamezoea kuambiwa "mwenye nguvu mpishe," na hakuna mwenye nguvu kuliko serikali iliyokwisha kutunga sheria. Badala yake baba na mwana walikwenda Mahakama Kuu ya Arusha na kudai Katiba isitazamwe kama pambo: waliiomba mahakama iseme kama Bunge na serikali vinaweza kumfungia mtu mlango wa haki kwa jina la maslahi ya umma. Jibu walilolipata linawahusu Watanzania wote, wakiwamo wasio na hata robo ekari. Linahusu namna dola inavyotakiwa kujieleza kila inaposema kwamba imetenda kwa ajili ya amani na usalama.

Amri iliyoacha madai

Mwanzo wa mgogoro huu uko miaka ishirini nyuma. Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike ifikapo mwisho wa 1976. Hadi 1977 zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wakazi wa vijiji. Ilikuwa operesheni kubwa kuliko zote katika historia ya nchi, nayo iliendeshwa na makatibu tarafa, wakuu wa wilaya, mgambo na malori. Nyumba zilivunjwa, watu wakapimiwa viwanja, na mashamba ya wengine yakagawiwa wageni waliohamishiwa kijijini.

Katika nyanda za juu za Mbulu, ambako Wairaqw wamelima miteremko kwa vizazi na kila bonde lina ukoo unaojulikana, ugawaji huo uliacha kidonda. Aliyepewa ekari mbili katika shamba la jirani hakuwa mwizi, maana alipangiwa na serikali ya kijiji. Aliyenyang'anywa naye hakuwa mchoyo, maana ardhi ile ilifyekwa na babu yake. Sheria haikufuatwa sawasawa katika kufuta haki ya mmoja wala kuhalalisha haki ya mwingine. Kwa hiyo, miaka ya 1980 upepo wa siasa ulipobadilika na Mwalimu Nyerere akaondoka madarakani Novemba 1985, wenye mashamba ya zamani walianza kwenda mahakamani. Wengi walishinda, kwa kuwa mbele ya hakimu amri ya kisiasa peke yake haikuwa hati.

Serikali ilishtuka, na hofu yake haikuwa ya bure. Kama kila aliyehamishwa angerudi alikotoka, vijiji vizima vingesambaratika pamoja na shule, zahanati na visima vyake, na watu waliolima mahali pamoja kwa miaka kumi wangefukuzana kwa mapanga. Hoja ya amani ilikuwa na uzito. Tatizo ni dawa iliyochaguliwa. Mwaka 1987, kwa Tangazo la Serikali Na. 88, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi Vijijini ya 1973, haki za kimila zilifutwa katika maeneo kadhaa ya mkoa wa Arusha wa wakati huo. Karatasi moja kutoka ofisini ilitosha kufanya kazi ambayo mahakama zilikuwa zikiifanya shauri kwa shauri, ushahidi kwa ushahidi.

Ngano ya Basotu

Kusini ya Mbulu, chini ya mlima Hanang, hoja ya maslahi ya taifa ilikuja ikiwa imevaa vazi jingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilitafuta njia ya nchi kujilisha ngano, na kwa msaada wa Kanada Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzisha mashamba makubwa katika tambarare za Basotu. Hatimaye yalifika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Kwa jumla zaidi ya ekari laki moja za malisho ziliingia mikononi mwa shirika.

Malisho hayo yalikuwa ya Wabarabaig, wafugaji wa jamii ya Wadatoga ambao majirani huwaita Wamang'ati. Tambarare zile ndizo zilizokuwa na majani bora na udongo wenye rutuba, na mifugo ilizifikia kwa zamu maalumu kulingana na mvua. Ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee, yale matuta makubwa ya udongo yanayojengwa kwa heshima ya watu wakubwa wa jamii na ambayo vizazi vinayarudia kwa tambiko. Trekta halikuyatambua.

Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wakazi wake kadhaa walilishtaki NAFCO Mahakama Kuu ya Arusha, na mwaka 1984 wakashinda. Shirika likakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, kwa sehemu kubwa kwa sababu wanakijiji hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana iliyotakiwa na sheria ya ardhi ya kikoloni ya 1923. Watu ambao mababu zao wamezikwa katika udongo uleule walitakiwa kuthibitisha uenyeji wao, na wakashindwa kwa upungufu wa ushahidi kwenye jalada. Mwaka 1988 Wabarabaig wengine walifungua shauri jipya dhidi ya shirika hilo na shamba la Gawal. Kufikia hapo amri za serikali za kufuta haki za kimila zilikuwa zimekwisha kutangulia.

Naikumbusha rufaa ya Mulbadaw kwa sababu ni vibaya kusimulia habari hii kana kwamba majaji daima walikuwa upande wa mnyonge. Mahakama zetu zimewahi kumwacha mnyonge solemba. Hata hivyo, Wabarabaig walisikilizwa, ushahidi wao ukaandikwa, sababu za kushindwa kwao zikawekwa wazi, na wanasheria waliofuata wakajua mahali pa kushika. Amri ya ofisini haitoi sababu wala haiachi mahali pa kushika.

Pale Katiba inapoweka ulinzi na vijiji katika sentensi moja

Msomaji anaweza kuuliza: mashamba na usalama wa taifa vinahusianaje? Katiba yenyewe inajibu. Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuweka mipaka kwenye haki za mtu, na inapotaja sababu zinazokubalika inaziorodhesha kwa pamoja: ulinzi, usalama wa jamii, amani, maadili, afya, mipango ya maendeleo ya miji na vijiji, madini, na manufaa mengine ya umma. Kwa hiyo jeshi, polisi, kijiji cha Ujamaa na shamba la ngano vimo katika pumzi moja. Anayeweza kutumia ibara hiyo bila kuulizwa ameshika ufunguo wa haki zote. Ibara ya 31 inakwenda mbele zaidi: hata wakati wa kawaida, Bunge linaweza kutunga sheria ya kuwashughulikia watu wanaoaminika kuhatarisha usalama wa taifa.

Ufunguo huo ulikuwapo hata kabla ya Katiba kuwa na haki za binadamu. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kesi endapo ameridhika kwamba mtu huyo ni hatari kwa amani, na ikasema amri hiyo haihojiwi mahakamani. Sheria ya kikoloni ya 1921 ya kuwahamisha watu kwa nguvu kutoka sehemu moja ya nchi kwenda nyingine nayo iliendelea kutumika baada ya uhuru. Hati ya haki za binadamu iliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini serikali iliomba muda wa kujiandaa, na mahakama hazikuruhusiwa kuitumia hadi Machi 1988.

Muda huo ulipokwisha, mambo yalikwenda kasi. Mwaka uleule wa 1988, mjini Mwanza, Jaji James Mwalusanya alitamka katika shauri la Chumchua Marwa kwamba sheria ya 1921 ni kinyume cha Katiba. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Daudi Pete, ilikataa kifungu kilichowanyima dhamana baadhi ya washtakiwa bila kumwachia hakimu nafasi ya kupima. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun lililotoka Arusha, mahakama hiyohiyo iliondoa sharti la mwananchi kuomba kibali cha waziri kabla ya kuishtaki serikali. Katika mashauri hayo kikajengeka kipimo ambacho hakijafutika: sheria inayobana haki kwa ajili ya jamii isiwe ya kiholela, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na ibane kwa kiasi kile tu kinacholazimu.

Hukumu ya Desemba 1994

Shauri la baba na mwana wa Kambi ya Simba liliangukia katikati ya wimbi hilo. Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, iliyoteuliwa na Rais Ali Hassan Mwinyi Januari 1991 chini ya Profesa Issa Shivji, ilikuwa imezunguka nchi nzima kusikiliza malalamiko ya wananchi na kukabidhi ripoti yake Novemba 1992. Ndani ya wiki chache baada ya ripoti, serikali ilikwenda bungeni na muswada uliokwenda kinyume cha ushauri wa tume yake yenyewe. Huo ndio uliokuwa Sheria Na. 22.

Mwaka 1993 Jaji Eusebia Munuo wa Mahakama Kuu Arusha alikubaliana na walalamikaji na kuamuru sheria yote ifutwe. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa. Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa hukumu Desemba 1994.

Serikali ilijenga hoja kwamba haki ya kimila juu ya ardhi si mali inayolindwa na Katiba, kwa sababu ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Rais. Jaji Mkuu aliifuata hoja hiyo hadi mwisho wake na kuonyesha ilikoelekea: ingekuwa kweli, basi wakazi wengi wa Tanzania Bara wangekuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe. Mahakama ikakataa. Ikaeleza kwamba Rais hashiki ardhi kama mali yake, bali kwa niaba ya wananchi na kwa manufaa yao, katika nafasi inayofanana na ya mdhamini. Mdhamini ana madaraka makubwa, lakini kila anachofanya lazima aweze kukitolea hesabu kwa wale anaowashikia mali. Sentensi hiyo kuhusu ardhi inafaa kusomwa katika madaraka yote ya Rais, yakiwamo yale ya kulinda nchi.

Kuhusu fidia, mahakama ilirejea maandishi ya Mwalimu Nyerere ya 1958 juu ya mali ya taifa, ambamo alieleza kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu lakini jasho la aliyeifyeka ni lake. Jaji Mkuu alimtumia mwasisi wa vijiji kuwatetea waliopoteza mashamba kwa ajili ya vijiji. Ikaamuliwa kwamba hata pale ambapo mtu hajajenga wala hajapanda mazao ya kudumu, nguvu aliyoitia katika ardhi inastahili fidia ya haki.

Kiini hasa kiko kwenye vifungu vilivyoziondoa mahakama. Sheria ile ilipeleka migogoro kwenye mabaraza ya ardhi yaliyoundwa chini ya serikali, na kuyapa mamlaka pekee. Kwa mwananchi anayelalamikia kitendo cha serikali, hiyo ni kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Mahakama ilisema kwamba vyombo vingine vya kuamua migogoro vinaweza kuwapo, lakini haviwezi kuchukua nafasi ya mahakama isipokuwa pale Katiba yenyewe inaposema hivyo waziwazi. Kuzima mashauri yanayoendelea na kukataza hukumu zisikaziwe kulikuwa kuingilia kazi ambayo Katiba imeikabidhi mahakama.

Hata hivyo, mahakama haikuipindua serikali. Ilitengua sehemu ya uamuzi wa Mahakama Kuu: haikukubali kwamba sheria ile ilikuwa ya kibaguzi, wala haikuifuta yote. Iliviangusha vifungu vilivyokataza fidia na vilivyofunga milango ya mahakama, ikaviacha vingine visimame. Serikali iliruhusiwa kulinda utulivu wa vijiji. Ilikatazwa kuulinda kwa kunyang'anya bila fidia na kwa kuwafunga majaji midomo. Huo ndio usawa ninaouona kuwa mafanikio makubwa ya hukumu ile.

Nyalali hakuwa mgeni wa mambo haya. Ndiye aliyeongoza tume iliyopendekeza mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, na ripoti ya tume hiyo ilizitaja sheria 40 kuwa kandamizi, zikiwamo ya kuweka watu kizuizini na ile ya kuwahamisha kwa nguvu. Alijua kwamba sheria za namna hiyo zina tabia ya kuhama: hutungwa kwa ajili ya jambazi au mhaini, kisha zikamkuta mkulima anayegombea mpaka.

Majirani na sisi

Mvutano huu si wetu peke yetu. Marekani, Juni 1952, katikati ya vita vya Korea, Mahakama ya Juu ilimwambia Rais Harry Truman kwamba vita havikumpa uwezo wa kutwaa viwanda vya chuma bila idhini ya Bunge. Truman alivirudisha. Kenya, Desemba 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, Bunge lilipitisha kwa vurugu sheria ya marekebisho ya usalama. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu wakavifuta vifungu vinane na kuviacha vingine vingi viendelee. Uganda, Novemba 2005, watu wenye silaha waliizingira Mahakama Kuu ya Kampala washtakiwa walipopewa dhamana. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba raia wasishtakiwe mbele ya mahakama za kijeshi, na miezi michache baadaye Bunge likapitisha sheria ya kuzirudishia mahakama hizo sehemu ya mamlaka hayo.

Katika mifano hiyo yote majaji hawakusema kwamba hatari haipo. Walisema tu kwamba anayeitaja hatari aithibitishe. Jaji hawezi kuongoza doria mpakani, na hapaswi kujaribu. Ila anaweza kuuliza maswali ambayo afisa mwenye haraka hayaulizi: sheria ipi inakuruhusu, ushahidi uko wapi, na je, hapakuwa na njia isiyoumiza zaidi?

Tanzania iliujibu mvutano huo kwa njia mbili. Njia njema ni sheria za ardhi za 1999, zilizopitishwa wakati Waziri Mkuu akiwa Frederick Sumaye, mbunge wa Hanang. Sheria ya Ardhi ya Vijiji iliipa haki miliki ya kimila hadhi sawa na ya hati iliyotolewa na serikali, na ikashughulikia kwa utaratibu ule mgawo wa ardhi wa miaka ya 1970 uliowasumbua watu wa Mbulu. Katika wilaya hiyohiyo, mwaka 2011, Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya pamoja juu ya ardhi wanamowinda na kuokota matunda. Mwaka 2000 Katiba iliongezewa ibara ya 107A, inayoitaja Mahakama kuwa ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki.

Njia ya pili inanitia wasiwasi. Sheria ya 1994 ya kutekeleza haki za msingi ilitaka mashauri ya namna hii yasikilizwe na majaji watatu, na ikairuhusu mahakama kuipa serikali muda wa kurekebisha kasoro badala ya kuifuta sheria papo hapo. Mwaka 2020 ikaongezwa kwamba anayefungua shauri aonyeshe jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe, na kwamba mashauri dhidi ya Rais na viongozi wengine wakuu yaelekezwe kwa Mwanasheria Mkuu. Akonaay na mwanawe wangevuka kizingiti hicho, kwa kuwa shamba lilikuwa lao. Mfugaji wa Basotu anayetetea malisho ya jamii nzima, au kijana anayehofia sheria ambayo bado haijamgusa, angepata tabu.

Wakazi wa Mbulu na Hanang wanajua kuliko wengi kwamba nchi isiyo na utulivu haikaliki. Wameona wizi wa ng'ombe, kulipizana visasi na mapigano ya wakulima na wafugaji. Wanaihitaji serikali yenye nguvu. Wanajua pia kwamba mtu akishafungiwa mahakama, mgogoro hauishi. Huhamia porini, na huko huamuliwa kwa mikuki. Serikali iliyofunga mashauri mwaka 1992 kwa nia ya kuleta amani ilikuwa inaiondoa njia pekee ya amani iliyokuwapo. Baba na mwana waliorudi mahakamani badala ya kurudi shambani na silaha waliutumikia usalama wa taifa kuliko sheria iliyotaka kuwanyamazisha.

Kwa hiyo, kila muswada unapofika bungeni ukisema ni wa usalama, wa amani au wa maslahi ya umma, tuutafute ndani yake ule mstari unaosema kwamba uamuzi wa kiongozi hautahojiwa katika mahakama yoyote. Wabunge waukatae, na wanasheria waupeleke mbele ya majaji siku ileile. Wakiulizwa wanasimama wapi, wana pa kusimama: pale aliposimama mkulima wa Kambi ya Simba.